Yai la Nne

Kisii Mjini
4 Februari 2025

Mama Ochoki,

Weka beseni kando, kausha mikono, halafu kaa chini ndipo usome. Kuku wa marehemu mumeo Job amepata mwenyewe!

Mnada wa mtandaoni ulifungwa jana saa nane mchana. Nilikuwa hapa dukani nikimtolea mwalimu mmoja nakala za mtihani, jicho moja kwenye mashine, jingine kwenye kompyuta, na nusura nimharibie karatasi zote. Watu watatu walipandishiana dau hadi dakika ya mwisho. Aliyeshinda ni mama mmoja wa Kanada, na bei yake ni mara tatu ya ile uliyotajiwa na dalali pale Tabaka, yule aliyejifanya anakuonea huruma.

Mwingine alinifuata pembeni, eti tuachane na mnada, tumalizane kwa simu, yeye ataongeza pesa na atalipa leo leo. Nilimfungia mlango hapo hapo. Mtu akianza kukuvuta nje ya mnada, ujue ameshaona pa kukuibia. Kwenye mnada pesa zinashikwa na wenye mnada wenyewe mpaka mnunuzi apokee mzigo na kusema ndio huo aliouona. Ndiyo maana lazima kila kitu kiwe vile nilivyoandika: kuku mmoja wa jiwe la sabuni, ameatamia, kiota chenye mashimo manne, na mayai manne yanayotoka na kurudi. Nina miaka sita kwenye mnada huo bila doa, nyota zote tano, na unajua nyinyi wanawake kumi na mmoja wa kikundi mnauza kwa jina langu hilo hilo. Likichafuka, tumekwisha wote.

Siku ile baada ya picha ulimrudisha nyumbani ukisema bado yai moja halijapata msasa wa mwisho. Basi limalizie, umfunge, umpe Nehemiah amlete na pikapu ya kikundi. Ijumaa isipite.

Na tafadhali, usimmwagie maji. Nakujua.

Mdogo wako,
Syprose Apondi

*

Tabaka
7 Februari 2025

Syprose mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, maana ningekaa nisingeinuka. Nimecheka, nimelia, nimeenda kuangalia kuku kama bado yupo.

Wewe unasema kuku mmoja wa jiwe la sabuni. Ungejua. Job alitafuta jiwe hilo miaka miwili. Alitaka lile lenye mshipa mwekundu, na si mshipa tu, alitaka uangukie kwenye upanga wa kuku kichwani, usiguse mahali pengine. Wenzake pale machimboni walimcheka wakamwita mchumba wa mawe. Alipolipata alilibeba mwenyewe begani, na kifua chake kile, akakataa kusaidiwa.

Nimemfunga mimi mwenyewe. Nimemzungushia majani makavu ya ndizi, mayai nimeyafunga moja moja kwenye vitambaa nikayalaza chini yake. Nimepiga utepe wa gundi kila pembe. Usinifungulie sanduku, nakuomba, nimempanga vizuri na ukigusa tu atahama mahali pake.

Nehemiah anapiga honi hapa nje, anataka kufika mjini na kurudi kabla Sabato haijaingia. Nimekuwekea kifurushi cha mboga za chinsaga. Tangu siku zile za wodini, kitanda cha mama yako kando ya cha Job, ukinimegea samaki wako wa Homa Bay na mimi nikikupikia mboga chungu ukikunja uso, sijaacha kukufundisha kula.

Ni mimi,
Damaris Kwamboka

*

Kisii Mjini
12 Februari 2025

Mama Ochoki,

Mzigo umeondoka jana, namba ya kufuatilia ninayo, na kila asubuhi nitakuwa nikiangalia kuku amefika wapi kama mtu aliyesindikiza mgonjwa.

Sasa nikuambie ulivyoniweka pabaya. Sheria yangu ni kufungua kila sanduku, kuhesabu, kupiga picha kila kitu kikiwa ndani, ndipo nifunge. Nyamoita, mwenyekiti wenu, hulalamika kwamba nahesabu mabakuli yake kama karani wa benki. Kwako nilishika kisu nikatazama ile gundi ulivyoinyoosha pembe kwa pembe, nikaona aibu. Nikajiambia, huyu ndiye Damaris, nikihesabu vyake nitakuwa nimemtukana. Sikufungua.

Chinsaga nimekula. Uso nilikunja, lakini kidogo.

Syprose

*

Kisii Mjini
11 Machi 2025

Mama Ochoki,

Kuku amefika tangu Ijumaa. Mnunuzi hajaridhika. Ameweka lalamiko, na kwa sasa naona maneno haya tu: mzigo si kama ulivyoelezwa. Maelezo yake yote wenye mnada watanifungulia baada ya siku chache.

Pesa zimezuiwa. Akaunti yangu imewekewa alama ya kuchunguzwa, na mpaka iondoke siwezi kuuza hata kijiko cha mtu. Nimepewa siku kumi na nne za kujitetea.

Usiwaambie akina Nyamoita bado. Unaona nini wewe? Amevunjika? Mdomo ulikuwa na ufa?

Syprose

*

Tabaka
13 Machi 2025

Syprose mdogo wangu,

Jambo hilo nalijua, na kosa ni langu. Siku ya picha, ulipogeuka kumhudumia yule mteja wa fomu, nilimmwagia kuku maji kwa kikombe changu cha chai. Nisamehe. Hapa kwetu hakuna anayeonyesha jiwe kavu. Dalali akija, beseni liko karibu, unalimwagia jiwe linaamka, rangi zote zinatoka, yeye anaona na wewe unataja bei. Jiwe likikauka linarudi kuwa jeupe kama unga, lakini dalali anajua hivyo, ni mwenzetu. Huyo mama wa Kanada hajui. Amemwona kwenye picha mwekundu na wa waridi, sasa amefungua sanduku akakuta kuku aliyefifia.

Mwambie ampake nta kidogo kwa kitambaa laini, rangi itarudi. Mwambie ni mimi niliyekosea, mjinga wa Tabaka. Weka jina langu, sijali.

Nimefurahi kwamba ni hilo tu.

Damaris

*

Kisii Mjini
16 Machi 2025

Mama Ochoki,

Si rangi. Rangi ameipenda, na amesema hata upanga ule mwekundu umemtoa machozi.

Ni yai. Mayai yaliyofika ni matatu. Ameandika hivi, nimekufasiria neno kwa neno: "Kiota kina mashimo manne na moja ni tupu. Kila nikipita sebuleni macho yanaenda kwenye shimo hilo. Sitaki kupunguziwa bei. Nataka yai langu au nataka kujua liko wapi."

Nilikasirika, sikufichi. Nimeona watu wa namna hiyo, anaficha kitu kimoja halafu anadai arudishiwe pesa na mzigo abaki nao. Nimemjibu kwamba niliyahesabu mayai manne kwa mkono wangu na kulifunga sanduku mimi mwenyewe. Nikaongeza, kwenye ukurasa unaosomwa na kila mtu, kwamba tunawajua wanunuzi wa aina yake. Najua sikuhesabu. Najua sikufunga. Lakini ningesema nini? Kwamba mimi ninayewafundisha wengine nilituma sanduku bila kulifungua?

Sasa baada ya hasira kupoa nafikiri vingine. Kati ya mkono wako na wangu kuna mtu mmoja tu. Nehemiah mwenyewe aliniambia siku ile alisimama Suneka kuziba gurudumu, karibu saa nzima. Sisemi ni yeye. Nakuuliza swali moja, na nitakubali jibu lako kama lilivyo. Ulihesabu mayai mangapi?

Syprose

*

Tabaka
20 Machi 2025

Syprose,

Nilihesabu manne.

Habari ya yai ilifika huku kabla ya barua yako. Sijui nani aliileta. Nyamoita aliita kikundi jana, tukakaa kwenye mabeseni yetu yaliyofudikizwa, Nehemiah akasimamishwa katikati. Akaulizwa habari za Suneka. Akasema ni gurudumu, aliyemzibia yupo, aitwe. Hakuna aliyetaka kumwita. Nyamoita akamwambia aweke funguo za pikapu mezani. Akaziweka. Hakubishana. Alisema tu, "Mayai ya mawe ningeyala na nini?" Wengine walicheka.

Amerudi kwao Nyaramba, kwenye majani chai ya mama yake. Miaka mitano ametubebea mawe yetu na hajawahi kupasua hata sahani.

Mimi sikusema neno. Nakuandikia hili ulijue.

Barua hii anakuletea Duke, dereva mpya.

Damaris

*

Kisii Mjini
26 Machi 2025

Mama Ochoki,

Wameamua. Mnunuzi amerudishiwa pesa zake zote, naye anamrudisha kuku. Akaunti yangu imefungwa siku tisini, na hata ikifunguliwa itakuwa na alama nyekundu ambayo kila mgeni ataisoma kabla ya kusoma jina langu.

Unajua kilichoniangusha? Yule mama alijipiga video akifungua sanduku, tangu kisu kinagusa gundi mpaka jani la mwisho la ndizi. Kumbe na yeye alikuwa akiniogopa mimi kama nilivyokuwa nikimwogopa yeye. Wenye mnada wakaniambia, wewe uliyesema ulihesabu, tuonyeshe picha yako. Sina picha.

Wanawake wamekuja jana kuchukua vitu vyao. Nyamoita alihesabu mabakuli yake mbele yangu, kwa sauti, moja mpaka ishirini na sita. Nilisimama hapo nikamsikiliza.

Nina neno moja na sitalizungusha. Video hiyo nimeiangalia mara nyingi. Vitambaa vitatu vimelazwa chini ya kuku, vimebanana, majani yamejazwa pembeni. Hakuna pengo palipotolewa kitu. Gundi ni ile ile yako, imenyooka pembe kwa pembe. Mwizi wa barabarani akitoa yai moja hawezi kukaa akapanga upya namna hiyo.

Niliahidi kukubali jibu lako kama lilivyo. Nimeshindwa. Niandikie tena.

Syprose

*

Tabaka
1 Aprili 2025

Syprose mdogo wangu,

Ni mimi niliyelichukua.

Nimetanguliza hilo kwa sababu nikianza na salamu sitafika. Yai la nne liko hapa kwangu. Liko kwenye mfuko wa koti la Job, nyuma ya mlango, na tangu Februari koti hilo limelemea upande mmoja.

Unakumbuka nilimrudisha kuku nyumbani nikamalizie yai moja. Yai hilo Job alilichonga kitandani, wiki ile ya mwisho, baada ya daktari kuturuhusu kwenda nyumbani kwa kuwa hakukuwa na la kufanya. Vumbi la miaka thelathini lilikuwa limemjaa kifuani. Alikuwa akikwaruza mara mbili, anapumzika, anakwaruza tena. Mimi nilimshikia bakuli chini ya mikono ili unga usianguke kwenye blanketi. Alipomaliza alinipa, akasema, "Hili utalilainisha wewe." Hakuwa na haja ya kusema. Kazi yetu ni hiyo siku zote, mwanamume anachonga na mwanamke anapiga msasa. Miaka ishirini na tisa nimefuta alama za kisu cha mume wangu, beseni baada ya beseni, na sikuwahi kufikiria kwamba zina mwisho.

Alhamisi ile asubuhi nilikaa na maji na msasa. Nikalilowesha yai. Alama zikajitokeza zote, fupi fupi, nyingine imeteleza pale mkono ulipotetemeka. Nikaweka msasa juu yake. Syprose, sikuweza. Nilijua nikisugua mara tatu tu itakuwa imekwisha, sitaziona tena mahali popote duniani.

Halafu nikafanya kile tunachofanya sote huku. Ukiokota mayai kiotani huyamalizi yote, unaacha moja, ili kuku ajue kwake na arudi kutaga hapo. Mama yangu alinichapa nikiwa mtoto kwa kuokota yote. Mikono ilikuwa imeshayafunga matatu, ikaliacha la nne, na mimi nikaiacha mikono ifanye ilivyozoea. Nikajiambia ni jiwe tu. Nikajiambia mzungu hatahesabu. Mambo mengi nilijiambia siku ile.

Ndipo nikakuandikia usifungue sanduku. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilijua hutafungua kwa sababu ni langu. Uliniambia jinsi ulivyoona aibu kunihesabia, nikaisoma barua hiyo, nikaikunja, nikaenda kupiga msasa. Uliponiuliza nilihesabu mangapi nilikujibu manne, na ni kweli niliyahesabu manne. Niliona raha jinsi jibu lilivyokaa vizuri. Aibu ilikuja baadaye.

Hata lile la maji nilikuungamia haraka, kwa furaha, kama mtu anayelipa faini ndogo ili asiulizwe kubwa.

Na Nehemiah. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Funguo zilipogonga meza nilitazama miguu yangu.

Wewe ulilinda mlango huko nje, matapeli wa simu, matapeli wa pesa za harakaharaka, wote ukawafukuza. Mimi nilikuwa ndani nakunywa chai yako.

Silitumi yai na barua hii. Nataka nikuambie kwamba ni kwa kuwa sijui kama utalitaka. Ukweli ni kwamba nimelitia kwenye bahasha mara mbili na mara mbili nimelitoa.

Damaris Kwamboka

*

Kisii Mjini
30 Aprili 2025

Mama Ochoki,

Barua yako nilikaa nayo mwezi mzima. Kila nikitaka kujibu nilikuwa naanza na matusi, na mama yangu aliniambia wewe ni dada yangu, hivyo nikawa nachana.

Nimemwandikia yule mama wa Kanada. Nimemwambia ukweli wako, na nimemwambia na wangu pia, kwamba niliapa nilihesabu na sikuhesabu, na kwamba nilimwita mwizi mbele ya watu nikijua hivyo. Kwa hilo siwezi kukulaumu, mkono ulioandika ni wangu. Amejibu mistari miwili. Anasema pole kwa msiba. Anasema kama tungemwambia tangu mwanzo, angemnunua kuku na mayai matatu kwa bei ile ile, na lile shimo tupu angeliangalia kwa macho mengine.

Nimesoma hiyo mistari miwili nikafunga duka mapema.

Kuku amefika jana. Nimefungua sanduku, nimehesabu, mayai ni matatu, hajavunjika popote. Namtuma kwako na Duke. Uliacha yai moja ili ajue kwake na arudi. Basi amerudi, Mama Ochoki. Kurudi kwake kumekula nyota zangu na funguo za Nehemiah.

Usiniandikie kwa sasa.

S. Apondi

*

Tabaka
14 Mei 2025

Syprose,

Umesema nisikuandikie. Nimevumilia wiki mbili. Hii utaisoma au utaichana, lakini iko na sanduku, na sanduku itabidi uliguse.

Duke alipomleta kuku nilimweka mezani, nikaenda kwenye koti nikatoa yai, nikalirudisha kwenye shimo lake. Liliingia kama alivyolikusudia Job. Kuku akatimia. Nikadhani nitafurahi. Nilikaa mbele yake nikaona sitazami kazi ya mume wangu, namwona Nehemiah akiweka funguo mezani, nawe ukisimama unahesabiwa mabakuli. Nikamfunika na kanga. Siku tatu nilipita kando ya meza hiyo kama mtu anayedaiwa.

Siku ya nne nilikwenda Nyaramba. Nilimkuta Nehemiah kwenye chai ya mama yake, kikapu mgongoni. Aliniona, hakuacha kuchuma. Nami sikumwita. Niliingia mstari wa pili, nikachuma upande wangu, nikawa natia kwenye kikapu chake, mpaka tukafika mwisho wa shamba. Hapo nikamwambia. Hakusema kwamba amenisamehe. Aliangalia majani niliyochuma, akatoa yale magumu akayatupa, akasema, "Mama, wewe hujui kuchuma chai." Kisha akauliza, "Na mbele ya wale?"

Kwa hiyo nimesema na mbele ya wale. Jumapili kikundi kilikaa, nikaweka yai kwenye beseni lenye maji katikati ya wanawake wote, wakaziona alama za kisu. Kila mmoja pale anajua kisu cha mumewe. Hakuna aliyecheka safari hii. Nyamoita aliinuka akamnyang'anya Duke funguo, kijana wa watu akiwa bado anakula, akampelekea Nehemiah mwenyewe. Na amesema atakuja dukani kwako. Kile atakachokuja kukuambia nimemwachia akuambie yeye.

Sasa sikia kuhusu sanduku. Ndani yumo kuku wa Job. Simtaki nyumbani. Siku zako tisini zikiisha, mweke tena mnadani, au mwandikie yule mama kwanza, yeye ndiye mwenye haki ya kuulizwa wa kwanza. Pesa zake anza kwa kujilipa gharama ya kumsafirisha, kwenda na kurudi. Nimeandika pia karatasi nyingine kwa mkono wangu, kwa Kiswahili, ya kwamba aliyeficha yai ni mimi Damaris Kwamboka wa Tabaka na si mnunuzi wala si mbebaji. Ipige picha uiweke pale pale ulipomwita mwizi, wasome.

Yai la nne sijalipiga msasa na sitalipiga. Lipige picha likiwa kavu, karibu kabisa, alama zote zionekane, hata ile iliyoteleza. Andika kwamba hilo moja ni la mkono wa mchongaji peke yake na mkewe hajaligusa. Anayelitaka hivyo alichukue hivyo.

Nehemiah atasubiri mlangoni. Nimempa karatasi ya kutia sahihi kwamba umepokea. Siku ile uliweka kisu chini kwa sababu sanduku lilikuwa langu. Hili pia ni langu, na gundi nimeinyoosha vilevile pembe kwa pembe. Chukua kisu, mdogo wangu. Fungua, uhesabu kwa sauti kama Nyamoita, Nehemiah asikie, ndipo utie sahihi.

Damaris Kwamboka